Kwezi kwenye Mkunazi wa Al Rayyan

Nyumba niliyofanyia kazi Al Rayyan ilikuwa na mkunazi uani, mkongwe kuliko nyumba yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa mpya: majumba ya rangi ya mchanga, kuta ndefu, mageti ya chuma, na miche iliyofungwa kwenye vijiti kando ya barabara. Mkunazi peke yake ndio uliokuwepo kabla. Waliojenga ukuta walikuwa wameupinda kidogo pale kwenye kona ili mti ubaki ndani. Nilipofika, mwezi wa tisa, jua lilikuwa bado la kuchoma nyayo, na sikuutazama. Nilikuja kutazama mgonjwa.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Taita, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu Doha. Miwili ya mwanzo niliifanya kwenye zahanati, kisha kampuni iliyonileta ikanihamishia kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Mgonjwa wangu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu ambaye kiangazi kile alipatwa na kiharusi. Nyumbani wote walimwita Mama. Mimi nilishindwa. Mamangu alikuwa hai, kule Wundanyi, na neno lenyewe lilikuwa lake. Nikawa namwita Bibi, na kwa kuwa aliyejua Kiswahili nyumbani mle alikuwa dereva tu, hakuna aliyeona ubaya.

Kiharusi kilichukua mkono na mguu wake wa kulia, kikachukua na maneno yake yote isipokuwa moja. Alibakiwa na *khalas*, neno ambalo watu wa huko hulitumia kusema basi, imetosha, yamekwisha. Bibi alilitumia kwa kila jambo. Akitaka maji, khalas. Ukimwamkia, khalas. Ukimgeuza ubavu vibaya, khalas, na hapo ulijua umetukanwa. Bintiye mkubwa, mwalimu wa shule ambaye mimi nilimwita Madam, ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Asubuhi alipita chumbani kwa mamake akiwa ameshavaa vya kutokea, akambusu kichwani, akaniuliza kwa Kiingereza, "Amekula?" Mara nyingi jibu lilikuwa hapana.

Kula ndiko kulikokuwa vita vyetu. Bibi alikuwa akimeza kwa shida, kwa hiyo chakula chake kilisagwa kikawa kizito kama uji wa mtoto. Kumeza angeweza, ila hakutaka kufungua mdomo. Nilikaa mbele yake na kijiko mpaka mkono ukafa. Daktari aliyekuja kila mwezi alishasema kwamba uzito ukizidi kupungua itabidi mpira upitishwe puani. Nilizijua zile pua za mipira kutoka hospitali niliyojifunzia kazi. Sikutaka, lakini pia siwezi kusema niliumia. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari la mgonjwa, "amekataa kifungua kinywa," na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Mwezi wa kumi na moja hewa ilibadilika. Watu wa kule huungojea msimu ule kama sisi tunavyongojea mvua. Madirisha yalifunguliwa, mazulia yakatandikwa nje, na Madam akasema nimtoe mamake barazani kila asubuhi baada ya kumwogesha. Saa tatu nikamfunika miguu blanketi, nikasukuma kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa baraza, mbele ya ule mti. Kunazi zilikuwa zimeanza kuiva, zingine za kijani, zingine za manjano, zingine zimeshakunjamana na kuwa kahawia.

Ndege walikuja siku ya pili au ya tatu. Nilisikia kwanza sauti, kama mafuta yanayochemka sufuriani, halafu wakapita juu ya paa la jirani kwa pamoja, mia au zaidi, wakageuka, wakaanguka ndani ya mti. Kwa mbali ni weusi. Karibu wana madoa meupe mwili mzima kama waliomwagiwa unga, na jua likiwapiga mgongoni unaona kijani na zambarau. Walikula kwa fujo. Walinyang'anyana, walidonoa kunazi nusu wakaiangusha, wakafuata nyingine. Shore wa mtaani, ndege wadogo wenye mashavu meupe waliokaa hapo mwaka mzima, walisogea pembeni kama wenyeji waliovamiwa na wageni wa harusi.

Bibi alikaa wima. Mkono wake wa kushoto ulipanda juu.

"Khalas!" akasema. "Khalas, khalas, khalas!"

Mdomo ulikuwa wazi. Nikaingiza kijiko. Akameza, akafungua tena, "Khalas!" Nikaingiza kingine. Bakuli lilikwisha kabla ndege hawajaondoka. Siku ile niliandika daftarini kwamba mgonjwa anafurahia sana kutazama ndege na kwamba nyakati za chakula zipangwe kufuatana nao. Madam alisoma, akaniambia vizuri sana, akaenda kazini.

Tukaishi hivyo majira yote ya baridi. Saa tatu u nusu hivi walikuja, walikaa robo saa, waliondoka kwa pamoja kama waliopigiwa kengele. Saa kumi jioni walirudi tena, wachache zaidi. Nami niliwatazama kwa sababu nilikuwa nimekaa pale na sikuwa na pengine pa kutazama. Sikuwapenda wala sikuwachukia. Ningeweza kuwatazama kwa saa nzima na nikiulizwa nilikuwa nikiwaza nini, nikakosa la kusema.

Aliyewachukia ni dereva. Alikuwa mtu wa Mombasa, mtu mzima, mwenye wajukuu, na magari matatu ya nyumba ile yaliegeshwa chini ya matawi kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Kila walipopita ndege aliamka na ndoo.

"Dada, hawa ndege wako waniua," aliniambia. "Magari matatu, kila siku ya Mungu. Na hizi kokwa zao zakwaruza rangi."

"Si wangu."

"Si wako? Na ni nani awangojea kila siku na kiti?"

Ndiye aliyenipa majina. Mimi mti ule nilikuwa nikiuita mti tu. "Mkunazi huu," akasema siku moja akifuta kioo. "Kwetu twalikuwa tukila kunazi hizi tukitoka chuoni, mifuko ya kanzu imejaa. Na hawa ni kwezi. Wa kwetu wana rangi za kupendeza, hawa ni wa baridi, sijui watoka nchi gani." Akaokota kunazi moja iliyoanguka, akaifuta kwenye shati, akanipa. Ilikuwa na utamu wa mbali, kama tofaa lililosahaulika kabatini. Nikamwambia ni tamu. Akaniangalia usoni, akasema, "Wewe dada, waweza kuambiwa nyumba yawaka, ukasema sawa."

Alisema kweli. Nimesikia watu wakisema kwamba msiba hutia ganzi. Yangu ilianza kabla ya msiba wowote, na siwezi kuonyesha siku. Labda zahanati, labda zamu, labda kile chumba cha kampuni ambamo wanawake sita tulilala kwa zamu na hakuna aliyekuwa macho wakati mwenzake yuko macho. Mgonjwa wa kiharusi ukimdunga sindano kwenye kidole cha mguu mbovu, anaiona sindano, anaona kidole, anaona mkono wako, ila anakutazama akingoja umwambie kama umeshamaliza. Hali yangu ilikuwa hiyo.

Kiangazi, kwezi walipoondoka, Bibi alirudia kula kwa shida, vijiko vichache tu kwa siku, mpaka waliporejea. Mamangu alifariki majira ya pili ya baridi, mwezi wa kwanza. Alikuwa na presha kwa miaka mingi, na wiki ile ilikuwa imepanda, lakini hakuna aliyenieleza kwa sababu walidhani itashuka. Kaka yangu alipiga simu ndege wakiwa mtini. Nilishika simu kwa bega ili nisiache kijiko.

"Mama ametuacha," akasema. "Leo alfajiri."

"Nani yuko naye?"

"Tuko sote."

"Sawa."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia."

"Basi nitakupigia tukijua siku ya maziko."

Niliweka simu mfukoni. Bibi alikuwa ananitazama, mdomo wazi, akingoja. Nikamlisha mpaka bakuli likaisha, nikampangusa, nikamrudisha ndani, nikampima presha. Ilikuwa nzuri. Nikaiandika.

Nilimwambia dereva mchana, kwa kuwa aliniuliza kama nina wino wa kalamu na nilipofungua mdomo hilo ndilo lililotoka. Akaacha alichokuwa akifanya. Akasema maneno ya dini yake ya kumwombea maiti, kisha akaenda moja kwa moja kwa Madam, ambaye alikuwa ndio kwanza arudi kutoka kazini. Baada ya dakika chache Madam akaja chumbani kwa mamake bado amebeba mkoba, akanishika mabega yote mawili.

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Karatasi ya ruhusa ya kutoka nchini nitaisaini leo. Tiketi tutakata sisi. Kaa siku kumi. Dada yangu atakuja kumlisha Mama."

Nataka ieleweke vizuri hapa. Alisema hivyo, kwa maneno hayo, na macho yake yalikuwa na machozi.

Nikamjibu, "Asante, Madam. Sitakwenda. Bibi hatakula kwa mtu mwingine."

"Atakula."

"Hatakula, Madam."

Alinitazama kama anayejaribu kusoma maandishi madogo. Halafu akasema nifikirie mpaka jioni. Jioni nikamwambia vilevile. Akakubali, akapika mwenyewe sinia la wali na nyama akaniletea chumbani, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Usiku huo dada yangu mdogo alinipigia. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. "Unafika lini?" akauliza.

Nikasema, "Wamekataa."

Sikulipanga neno hilo. Lilitoka jepesi tu. Dada akaanza kulia upya, sasa kwa ajili yangu. Nyuma yake nikasikia akiwaambia watu, "Waarabu wamemkatalia," na sauti za wanawake zikapanda pamoja, za shangazi zangu na majirani, wakinihurumia. Mamangu alizikwa siku ya Jumamosi. Kwenye ibada, kama nilivyokuja kuambiwa, mchungaji aliomba kwa ajili ya mtoto wa marehemu aliyezuiliwa ugenini. Habari zikanifikia hata Doha. Ijumaa, siku ya mapumziko ya kule, nilipokwenda kanisani, akina mama wa Kenya walinizunguka, wakanishika mikono, wakaomba Mungu aulainishe moyo wa Madam. Nikasema amina pamoja nao.

Nimejiuliza sana kwa nini sikwenda. Bibi alikuwa sababu, lakini sababu ndogo. Nadhani niliogopa kufika pale, jeneza limefunguliwa, watu wote wamenigeukia waone mtoto wa Doha analiaje, na mimi nisihisi chochote. Al Rayyan hakuna aliyekuwa akinitazama uso.

Wiki mbili baadaye wavu ulifika. Mtoto wa kiume wa Madam alikuwa anaposa, na wageni wanaume wangekaa kwenye hema uani, juu ya mazulia. Madam alisema hawezi kuwakalisha wakwe chini ya mvua ya kinyesi. Wakaja vibarua wanne na wavu wa kijani, wakaufunika mti wote kuanzia kileleni, wakaufunga kwenye shina kwa waya. Dereva alifurahi. Aliosha magari, akayatazama yakikauka, akakaa kwenye kiti kunywa chai.

Kwezi walikuja saa ileile. Walipita juu ya paa la jirani, wakageuka kama kawaida yao, wakaona, wakapanda tena. Walizunguka mara mbili. Wengine walitua kwenye tangi la maji na kwenye ukuta, wakakaa wakiangalia kunazi zilizokuwa ndani ya wavu, kisha wakaondoka. Robo saa ile ikawa kimya mpaka nikasikia mashine ya hewa ya nyumba ya pili.

Bibi alifunga mdomo. Nilimbembeleza, nikagusa midomo kwa kijiko, nikasubiri. Hakusema khalas. Siku hiyo alikunywa maji kidogo, kesho yake maji kidogo, siku ya tatu hata maji niliyadondosha kwa bomba la sindano pembeni ya shavu. Madam akaja akasimama mlangoni. "Ulisema kwako atakula," akaniambia, bila ukali. Akampigia daktari, na daktari akasema angepita kesho kutwa na mpira.

Siku ya nne asubuhi kulikuwa na kwezi amenasa. Alikuwa amejipenyeza kupitia mkunjo fulani, kichwa na bawa moja vimepita, bawa la pili limezungukwa na uzi. Alining'inia juu ya boneti ya gari moja jeupe, akipiga kelele moja fupi, akipumzika, akipiga tena. Nilimtazama. Bibi naye alimtazama. Nikaenda chumbani, nikachukua mkasi wangu wa bendeji na glavu, nikamtafuta dereva.

"Nishikie ngazi," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nakata wavu."

"Dada, hiyo kazi itakufukuzisha. Mngoje Madam arudi."

"Nishikie ngazi, kaka."

Akaishika. Mkasi wa bendeji umetengenezwa kukata kitambaa bila kuchoma ngozi, una ncha butu, na ule wavu ulikuwa wa plastiki ngumu. Nilikata uzi mmoja mmoja. Nilipomkomboa kwezi na kumfunika kwa kiganja, nilisikia moyo wake kupitia glavu, haraka mno hata usingeweza kuhesabu mapigo. Akanidonoa kwenye kidole gumba, kwa nguvu. Nikashuka naye. Kisha nikapanda tena, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea kukata, upande mzima wa barazani, mpaka wavu ukaanguka chini ukalala kwenye zulia la wageni.

Ndege yule nilimweka ndani ya boksi la glavu, kivulini. Alikufa kabla ya adhuhuri. Nilimtia kwenye mfuko wa nepi chafu, nikaufunga fundo, nikautupa.

Dereva aliniona nikirudi kutoka kwenye pipa. Akanivutia kiti. "Kaa," akasema. Nikakaa. "Nakuuliza kitu na usinikasirikie. Mamako amekufa wiki tatu zapita. Sijakuona ukilia hata tone. Kwani mlikuwa hampatani?"

"Tulikuwa tunapatana."

"Basi huwa walia ukiwa peke yako?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. "Walikufanyia vibaya kukukataza, japo mimi nilidhani—"

"Hawakunikataza," nikasema. "Madam aliniruhusu. Ni mimi niliyekataa. Nyumbani nikawaambia wamekataa wao."

Alikuwa na kitambaa cha kufutia gari mkononi. Akakikunja, akakikunjua. Nilidhani atanilaumu. Akasema tu, "Na mimi kanisani kwenu wananijua kuwa dereva wa yule Madam mbaya. Juzi mama mmoja kaninyima salamu dukani." Halafu akacheka kidogo, na nikaona kwamba amekasirika pia, yote mawili kwa pamoja. "Mwambie mtu wako mmoja," akasema. "Mmoja tu. Usikae na jambo hili hivi."

Madam alirudi saa nane. Aliona wavu kabla ya kushuka garini. Nilimfuata palepale, nikamwambia, "Ni mimi niliyekata. Dereva hahusiki." Sikueleza zaidi. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye sanduku. Aliinama, akainua kipande cha wavu, akakiachia.

"Kwa nini?"

"Bibi anafurahi akiwaona ndege, Madam. Ndipo anapokula. Niliandika."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, Madam hakuwa na kazi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alikuja barazani saa tatu, akakaa kwenye kiti changu. Nikasimama nyuma. Kwezi walifika. Walichelewa, walisitasita juu ya ukuta, lakini mmoja alipoingia wengine wote walimfuata, na mti ukachemka. Bibi akakaa wima. Mkono wa kushoto ukapanda.

"Khalas! Khalas, khalas!"

Madam akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, mabega yanatikisika. "Hafurahi!" akaniambia. "Anawafukuza! Maisha yake yote amewafukuza hawa. Alikuwa anatoka na kiatu, anawarushia, anawatukana mpaka majirani wanasikia. Kunazi hizi alikuwa akizitaka zote yeye."

Nikamtazama Bibi. Uso ulikuwa mwekundu, mate yamejaa mdomoni, jicho lake zima linawaka. Nilikuwa nimekaa naye majira mawili ya baridi, kila siku ya Mungu, na sikuona. Ndege wale walikuwa wezi wake, na aliwapigia kelele kila asubuhi, na mimi nikatumia nafasi hiyo kumsukumia malenge ya kusagwa.

"Nipe kijiko," Madam akasema.

Nikampa. Alimlisha mamake akicheka, na mamake alimeza akigomba. Kunazi zilianguka kwenye baraza. Sikujua nisimame vipi. Mambo yaliishia hapo. Wavu uliobaki uliondolewa Jumamosi, wageni wa posa wakakalishwa ndani, na mpira wa puani haukuja. Sikufukuzwa. Jambo lile halikuzungumzwa tena, isipokuwa Madam alianza kuja barazani kila Ijumaa, na mimi nikawa na saa moja isiyokuwa na kazi, nisijue niifanyie nini.

Ijumaa moja kati ya hizo nilinunua kadi ya simu, nikampigia dada yangu mdogo. Nikamwambia yote, kama ninavyoandika hapa, kwamba niliruhusiwa na nikakataa. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akipiga nyundo.

"Uliniacha nikae peke yangu na shangazi wote wale," dada akasema.

"Ndiyo."

"Nikawalaani watu wa watu."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Salio lako litaisha." Akakata yeye. Kwa miezi miwili hakupokea simu zangu, kisha siku moja akapokea, akaniuliza bei ya simu za kisasa za Doha.

Bibi alikufa mwaka uliofuata, baridi ikielekea kwisha, kwezi wakiwa wameshapungua mtini. Alikufa kitandani, mimi nikiwa nimemshika mkono ule usiohisi, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa upande ule nikibadilisha shuka. Madam alipiga goti upande wa pili. Baadaye wanawake wa ukoo walikuja kumwosha, na dereva akatumwa kuchuma majani ya mkunazi ya kuchanganya na maji, kama inavyofanywa hata kwao Mombasa. Aliyaleta kwenye beseni, amelia waziwazi, hata hakujipangusa. Mimi siku ile niliondoa kitanda cha hospitali, nikafuta godoro kwa dawa, nikahesabu vifaa vya kampuni, nikasaini. Madam alinikumbatia getini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimebeba sanduku kwa mkono mmoja na sikuliweka chini.

Kampuni ilinipeleka Lusail, kwenye ghorofa mpya, kwa mzee aliyekuwa na maneno yake yote na aliyeongea tangu asubuhi mpaka usiku. Nikakaa miaka mingine mitano Doha. Ndani ya miaka hiyo nilipata likizo, nikaenda nyumbani.

Dada yangu alinipeleka kwenye kaburi siku ya pili, asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuja. Lilikuwa limejengewa kwa saruji, na jina la Mama limeandikwa kwa rangi nyeusi na mtu ambaye hakupima vizuri, herufi za mwisho zimebanana. Nilisimama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Unaweza kulia sasa," dada akasema. "Hakuna mtu."

"Najua."

Alisubiri kidogo, mikono kiunoni. Halafu akainama akaanza kung'oa magugu yaliyoota kando ya saruji, na mimi nikainama upande wangu. Kulikuwa na yale yenye miiba midogo, yananing'ang'ania mikono. Tuling'oa mpaka tukakutana kwenye kona, akanisukuma kwa bega nimpishe amalizie. Tulipokwisha tukayarundika pembeni. Mvua ilianza kunyesha tukiwa nusu ya njia, na kwa kuwa udongo wa kule unateleza na nilikuwa nimevaa viatu vya mjini, dada alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, hivyohivyo mpaka tukafika chini barabarani.